Moyo Unaopiga Kama Saa

Benchi lile lina miguu minne, lakini mitatu tu ndiyo inayofanya kazi. Wa nne umeegemezwa kopo la rangi lililojazwa mchanga, na mgeni akikaa upande ule benchi humkaribisha kwa kumtikisa. Liko kwenye kona, baina ya kibanda cha kinyozi na meza ya kioo ya fundi saa, na kila siku alasiri, jua linapoanza kulegea, muuza kahawa huteremsha birika lake hapo na maneno huanza. Wenyewe ni wanne. Kuna Breki, aliyeendesha lori miaka thelathini na miwili akastaafu bila kugonga hata kuku, ndivyo asemavyo mwenyewe. Kuna Redio, kinyozi, aliyeumbwa bila kitufe cha kuzimia. Kuna Birika, muuza kahawa, ambaye kahawa anauza na maoni anagawa. Na kuna fundi saa, mzee wa miaka sitini na sita, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akichelewa popote, kwa hiyo wakamwita Dakika. Siku hiyo ya Jumatano, Dakika alichelewa.

— Dakika kumi na moja, — alisema Breki, akiitazama saa yake, ambayo Dakika ndiye aliyemtengenezea. — Ama dunia imekwisha, ama mzee mwenzangu amekufa.

— Hajafa, — alisema Redio kutoka mlangoni kwake, mkasi mkononi. — Angekuwa na mpango wa kufa angetuarifu mapema.

— Huyo anakuja, — alisema Birika.

Kweli alikuwa anakuja. Alikuja polepole kama kawaida yake ya miezi ya karibuni, lakini kifua mbele, kofia nyuma kidogo, kama bwana harusi. Hakwenda mezani kwake. Alifika mpaka kwenye benchi, akasimama, akavuta pumzi.

— Birika, mimina. Kila mtu kikombe, leo ni juu yangu.

— Kuna nini?

— Nimefaulu.

— Umefaulu nini, mzee wangu, na shule uliacha zamani?

— Moyo, — alisema Dakika, akakaa.

Redio aliacha mteja wake kitini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado, akaja kukaa. Jambo la namna hiyo haliwezi kusikilizwa kwa mbali.

— Hebu anzia mwanzo, — alisema. — Usiruke kitu.

Basi Dakika akaanzia mwanzo. Anakaa ghorofa ya tatu. Tangu mwaka jana, akifika ghorofa ya pili pumzi humwishia, na kwa kuwa ni mtu mwenye haya, husimama mbele ya mlango wa jirani na kujifanya anatazama chungu chake cha maua. Jirani akamwona leo, akamwona kesho, akasema kumbe mzee huyu anapenda maua yangu. Akamkatia chipukizi. Wiki iliyofuata akamkatia lingine.

— Nina vyungu vitatu ndani sasa, — alisema Dakika. — Binti yangu alipokuja kunitembelea akauliza, baba, umeanza lini kilimo? Nikasema uongo, ukanishinda. Akanipeleka hospitali kuandikisha, akarudi kazini kwake, na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

— Wakakufanya nini?

— Wakanibandika waya kifuani, wakanipandisha baiskeli isiyokwenda.

— Haikwenda? — Breki alisogea mbele. — Ilikuwa mbovu?

— Ndivyo ilivyoundwa. Unakanyaga, unakaa hapo hapo.

— Umekanyaga muda gani?

— Dakika kumi na mbili. Na kila baada ya muda wanaikaza, kama unapanda mlima.

— Na ukafika wapi?

— Hapo hapo.

— Sasa nimeelewa kwa nini umechelewa, — alisema Breki.

Wakacheka. Dakika alingoja wamalize, kwa maana alilolileta lilikuwa bado mfukoni, na hakutaka limwagikie katika kicheko cha jambo jingine.

— Nikakanyaga mpaka jasho likaingia machoni, — alisema. — Daktari, kijana mpole, akashika ile karatasi ndefu inayotoka mashineni. Akaitazama. Akanitazama mimi. Akaitazama tena. Kisha akaniambia: "Mzee, moyo wako unapiga kama saa."

Benchi lilipasuka kwa shangwe. Breki alimpiga Dakika mgongoni. Redio akapiga makofi kwa mkasi na kitana. Hata mteja wa kinyozi, mwenye nusu kichwa, alichungulia mlangoni na kusema hongera.

— Kama saa! — alisema Birika. — Fundi saa, moyo wa saa! Mungu anajua kugawa.

— Anajua, — alisema Dakika.

Daktari alikuwa ameendelea kusema baada ya hapo. Dakika alikumbuka midomo yake ikienda, alikumbuka kalamu ikiandika, alikumbuka muuguzi akimtia karatasi mkononi na kutaja kesho, saa tatu. Lakini furaha ni kama mvua juu ya bati: ikishaanza, mtu anaweza kukuita kwa jina lako na usimsikie. Karatasi yenyewe aliikunja mara nne akaitia mfuko wa shati, na hapo ilikuwa mpaka sasa, haijasomwa, ingawa mwenyewe ni mtu anayesoma namba ndogo kuliko chawa ndani ya saa za wanawake.

— Mimi sishangai, — alisema Breki, akipuliza kahawa yake. — Mambo ya injini hayo. Injini nzuri haibadilishi mlio. Ukisikia mlio umebadilika, simama, teremka, funua boneti. Ndiyo maana wahenga wakasema maji yakimwagika hayazoleki.

— Yanahusiana vipi na injini?

— Hayahusiani, lakini ni kweli.

— Mimi nitawaambia siri ya kazi yangu, — alisema Redio. — Mtu nikimnyoa ndevu, kidole changu kinakaa hapa, kwenye mshipa wa shingo. Nasikia moyo wake wote. Mwenye madeni unapiga kama anafukuzwa. Mwenye wake wawili unapiga, unanyamaza, unasikiliza mlango, unapiga tena. Mwenye kipara...

— Mwenye kipara ana ndevu gani?

— Nisikilize! Mwenye kipara moyo wake unapiga haraka kwa sababu joto linatokea juu, sasa moyo unakimbizana nalo. Ni sayansi.

— Ni kahawa yangu, — alisema Birika kwa utulivu. — Mzee huyu ananywa vikombe viwili kila siku, saa ileile, mwaka wa ishirini huu. Moyo umeshazoea ratiba. Hospitali wangekuja kuniuliza mimi.

— Acha kujipakulia, Birika.

— Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Hiyo nayo imeingiaje?

— Mkimruhusu Breki, mniruhusu na mimi.

Redio aliinuka. Akiinuka hivyo, kila mtu huweka kikombe chini, maana kuna jambo kubwa linakuja na huenda akalifafanua kwa mikono.

— Jamani, ninyi mnaongea mambo madogo. Saa ya mnara pale posta imesimama tangu lini?

— Tangu mwanangu wa mwisho hajazaliwa.

— Na yuko wapi sasa?

— Ameoa.

— Enhe! Sasa hospitali wamepata moyo usiopotea hata nukta. Mnadhani watauacha ukae hapa unakunywa kahawa? Watamchukua Dakika, watambandika waya zilezile, waya zitapita juu ya barabara mpaka mnarani. Yeye kazi yake kukaa.

— Na akilala?

— Moyo haulali.

— Akipanda ngazi?

— Haubadiliki! Si ndiyo habari yenyewe hiyo tunayoisherehekea?

— Na akipenda mtu? — aliuliza Birika.

Redio alifikiri kidogo.

— Akipenda mtu, mji mzima utawahi kazini.

Walicheka mpaka kopo la mchanga likahama na benchi likainama upande, na Breki akaokoa vikombe viwili kwa mkono mmoja, kazi ya dereva wa zamani. Dakika naye alicheka. Kisha kicheko kikamwisha kabla ya wenzake, akabaki anatabasamu peke yake, akichungulia ndani ya kikombe.

Alikuwa na mke, Mungu amlaze pema, aliyeishi naye miaka thelathini na tisa. Mwanamke huyo alikuwa na mazoea ya kulaza kichwa kifuani pake mchana wa siku ya mapumziko, wakati watoto wametoka, na alikuwa akisikiliza na kucheka. "Wewe fundi wa saa za watu," alikuwa akisema, "ya kwako mwenyewe inachechemea. Inakwenda, inasita, halafu inakimbilia kama iliyosahau kitu nyumbani." Miaka yote ile Dakika aliona haya kidogo. Fundi cherehani hapendi kuambiwa suruali yake imechanika. Mke alikufa mwaka juzi, akaenda na maneno yale, na Dakika hakupata kumjibu.

Ndiyo maana neno la daktari lilimwingia jinsi lilivyomwingia. Kama saa! Imetengemaa, mama watoto. Na alikuwa ameshapanga: kesho saa tatu hatakwenda hospitali, kwani aliyefaulu anarudi shuleni kufanya nini? Atakwenda makaburini, atang'oa magugu, ataomba dua yake, kisha atamwambia. Tena alikuwa amekwisha kumpigia binti yake simu. Yule mtoto alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kuwa naye baada ya kipimo, safari ya saa sita kwa basi, na aliposikia "nimefaulu" akalia kwa furaha na kuifuta ruhusa.

— Hodi hapa!

Alikuwa mkunga wa zahanati ya mtaa wa pili, mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye viatu vya kazi na sauti ya kuamsha walinzi. Nusu ya watoto wa mtaa ule uso wa kwanza kuuona duniani ulikuwa wake.

— Karibu, mama, — walisema wote, na Redio akasogea ampishe upande wa miguu mizima.

— Ahsante, baba wa watatu. Siku hizi huzimii mlangoni mwa chumba cha kujifungulia?

— Nilizimia mara moja tu, mama.

— Mara tatu. Nina kumbukumbu. Fundi, shikamoo. Mgonjwa wangu anaendeleaje?

— Marahaba. Mgonjwa amepona, — alisema Dakika, akanyanyuka kwenda mezani kwake. Akaleta saa ndogo ya kubandika kifuani, ile ya wauguzi, imeng'arishwa kioo. Mkunga akaibana kwenye gauni lake, ikaning'inia.

— Mama, saa yako imepinduka, — alisema Birika. — Kumi na mbili iko chini.

— Haijapinduka. Wewe ndiye uko upande usiohusika. Hii nasoma mimi, kutoka juu. Haya, nimesikia vicheko tangu kule kwenye kona. Nipeni na mimi.

Redio akampa. Akampa yote, baiskeli, mnara na waya juu ya barabara, na mkunga alicheka vizuri sana mpaka alipofikishwa kwenye maneno ya daktari. Hapo kicheko kilipungua, kama moto wa jiko la mafuta unapopunguzwa.

— Kama saa?

— Kama saa!

— Wakati anakanyaga?

— Anakanyaga, inakazwa, mlima unapanda, moyo kama saa!

Mkunga akamgeukia Dakika.

— Baba, wamekuambia urudi?

Dakika aligusa mfuko wa shati.

— Kesho.

— Kesho? — alisema Breki. — Hukutuambia kesho.

— Sikuona haja. Nimefaulu.

— Kama umefaulu, — aliuliza mkunga taratibu, — mbona wanakuita tena?

Swali lilikuwa dogo. Mtoto wa darasa la kwanza angeliuliza. Lakini lilikaa katikati ya benchi kama mgeni ambaye hakuna aliyemwalika na hakuna awezaye kumfukuza.

— Wanataka kumpa cheti, — alijaribu Birika.

— Wanataka kumpiga picha, — alisema Redio, lakini bila nguvu. — Au... mama, wahenga walisema, mficha maradhi hazai.

— Hizo ni methali mbili, mwanangu, umezifungisha ndoa bila ridhaa. Sogea nikae.

Akakaa vizuri, akaweka mkoba mapajani.

— Sikilizeni. Mimi kazi yangu ni moyo wa mtoto tumboni. Naweka sikio langu, nasikiliza. Mtoto akigeuka, moyo unakimbia kidogo. Akitulia, unapunguza. Unapanda, unashuka, unapanda. Hapo tunacheka na mama yake, namwambia, mwanao anacheza. Lakini nikisikia moyo umenyooka kama uzi, pigo na pigo, pigo na pigo, haupandi haushuki muda mrefu, mimi sicheki.

— Amekufa? — aliuliza Redio, na rangi ikaanza kumtoka.

— Usizimie. Mara nyingi amelala tu. Namgusa kidogo tumboni, namsubiri, napima tena. Lakini siendi nyumbani nikasema amefaulu.

Mkunga akamgeukia Breki.

— Baba, lori lako limejaa shehena, linapanda mlima, na mlio ni uleule wa tambarare, haubadiliki hata kidogo. Utafurahi?

Breki alifungua mdomo aseme ndiyo, kwa sababu ndivyo alivyokwisha kusema. Kisha miaka thelathini na miwili ya milima ikamrudia yote kwa pamoja, akaufunga.

— Hapana, — alisema. — Mlimani lazima injini ilie. Isipolia nateremka kutazama. Huenda mzigo umeanguka nyuma. Huenda haivuti. — Akamtazama Dakika, uso umemwiva kwa aibu. — Mzee mwenzangu, nilikudanganya. Nilisahau mlima.

— Moyo mzima hauendi kama saa, — alisema mkunga. — Nafasi kati ya pigo na pigo zinapishana kidogo kidogo, wala mwenyewe hujui. Shikaneni mikono, mtaona. Pale chini ya kidole gumba.

Ndipo mpita njia yeyote angeona ajabu: wanaume wazima wameshikana viganja barabarani, mchana kweupe, macho yamefumbwa. Breki alimshika Redio, Redio alimshika Birika, Birika akamshika yule mteja wa nusu kichwa, aliyekuwa ametoka na taulo shingoni kuuliza kama atanyolewa leo.

— Vuteni pumzi taratibu. Ingizeni... Toeni... Mnasikia nini?

— Wa Redio unakimbia! — Breki alipiga kelele. — Anavuta pumzi, unakimbia! Sasa anatoa... unaburuta miguu. Mama, huyu ni mbovu!

— Ni mzima.

— Redio mzima?

— Moyo tu. Kichwa sijapima.

— Na wa Birika unasita, — alisema Redio. — Unakwenda, unasita kidogo, halafu unakimbilia...

— Kama uliosahau kitu nyumbani, — alisema Dakika.

Walimgeukia. Alikuwa hajamshika mtu, wala hakuna aliyemshika. Mikono yake ya fundi, iliyozoea kubana vitu visivyoonekana, ilikuwa imetulia juu ya magoti.

— Mama, — alisema, — moyo unaochechemea hivyo kidogo, ndiyo uzima?

— Ndiyo uzima wake. Ni moyo wenye masikio. Unasikia pumzi, unasikia ngazi, unasikia watu.

— Marehemu mke wangu alikuwa akisema wangu unachechemea. Tangu tulipooana. Nilidhani ananitania kwa ubovu.

— Alikuwa anasikia vizuri kuliko mashine, — alisema mkunga. — Hebu nipe mkono, baba. Na hiyo karatasi ifungue.

Alimpa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alichomoa karatasi, akaikung'uta ikakunjuka, kisha, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kutazama jambo zito, akatia lenzi yake ya kazi jichoni. Akasoma kama anayeokota misumari midogo, neno kwa neno.

— "Wakati wa mazoezi... mapigo hayabadiliki... inavyotarajiwa. Kipimo kirudiwe... na kipimo kikubwa kifuate. Arudi kesho saa tatu asubuhi. Aje na mtu wake."

— Haijasema una ugonjwa, — alisema mkunga. — Imesema tutazame vizuri. Ni dalili, imebisha hodi, nawe utakwenda kufungua mlango ujue ni nani. Kesho saa tatu. Na mtu wako ni nani?

Aliuliza kama wauguzi wanavyouliza dirishani, kalamu mkononi, jina la mtu wako, haya, mwingine apite. Hakuwa na nia mbaya. Lakini Redio, yule asiye na kitufe, alizimika. Birika akajishughulisha na kikombe kilichokwisha kuwa safi. Kwa miaka thelathini na tisa swali lile lilikuwa na jibu moja, fupi, na jibu lenyewe lilikuwa limelala chini ya magugu ambayo Dakika alikusudia kwenda kuyang'oa kesho, saa tatu.

— Binti nimekwisha kumwambia nimefaulu, — alisema hatimaye. — Yuko mbali.

Breki alikohoa.

— Andika mimi.

— Wewe? — Redio aliwaka tena. — Wewe hospitali unaogopa hata harufu ya sabuni! Andika mimi.

— Wewe unazimia! Watakupa kitanda chake!

— Mimi ndiye najua anakunywa nini, — alisema Birika. — Mtu wake ni anayejua anakunywa nini.

— Basi tutakwenda wote.

— Wameandika mtu. Hawakuandika watu.

— Tutasema kijiwe. Kijiwe ni kimoja.

— Kijiwe ni kitu, si mtu!

— Kitu chenye miguu minne!

— Mitatu!

— Mimi nina nafasi kesho, — alisema mteja wa nusu kichwa, — ila nimalizwe kwanza.

— Nyamazeni! — alisema mkunga.

Walinyamaza. Alikuwa bado ameshika kiganja cha Dakika, kidevu kimeinama, akisoma ile saa yake ya kichwa chini ambayo ni yeye tu aliye upande wake. Alingoja. Mshale wa sekunde ukazunguka.

— Endeleeni na ule ugomvi, — alisema.

— Ugomvi upi?

— Wa nani aende naye.

Wakatazamana, wakauendeleza, kwanza kwa haya kama watu walioambiwa waimbe mbele ya wageni, halafu kwa moyo wote. Breki akatoa sifa zake. Redio akazipinga. Birika akaapa kwamba atafunga biashara. Na mkunga, katikati ya kelele zile, akaanza kutabasamu polepole.

— Umechechemea, — alisema.

— Nani?

— Huu hapa. Umesita kidogo, ukakimbilia. Kama mtu aliyesikia anaitwa.

Dakika aliondoa lenzi jichoni, maana ilikuwa imeingia maji. Maisha yake yote alikuwa akiomba Mungu ampe mkono wa kuzifanya saa zisikosee. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alimshukuru kwa moja iliyokosea.

— Usijione umefaulu tena, — alisema mkunga, akiinuka. — Kidole changu si mashine, na pigo moja si dawa. Kesho unakwenda.

— Saa tatu kasoro robo nitakuwa mlangoni, — alisema Dakika.

— Huyo ndiye tunayemjua, — alisema Breki. — Ameanza kupona.

Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha mkunga. Likatoa matone matatu na uchafu wa chini, likanyamaza. Kahawa ilikuwa imekwisha, na jua bado lipo, jambo lisilowahi kutokea kwenye kona ile. Redio akamrudisha mteja wake ndani kwa mabega, akiahidi kwamba upande wa pili atamnyoa vizuri kuliko wa kwanza. Breki akaanza kuuliza kama hospitali wanaruhusu kuingia na birika, na kama mabenchi yao yana miguu mingapi.

Dakika alisogea hatua mbili mpaka kwenye meza yake ya kioo, juu ya saa za watu zilizokuwa zikienda kila moja kwa majira yake, akatoa simu. Makaburini atakwenda baadaye, na sasa alikuwa na habari nzuri zaidi ya kupeleka. Simu iliita mara mbili.

— Baba?

— Mwanangu, — alisema. — Ile ruhusa yako kaiombe tena. Saa nilikuwa nayo mkononi, ila niliisoma juu chini.